Mpatanishi Hukaa Katikati
(Dominika ya Ishirini na Tatu ya Mwaka A)



Injili ya Dominika ya leo, kutoka sura ya kumi na nane ya Mathayo, yatuwekea mbele jambo ambalo hakuna nyumba isiyolijua: ugomvi kati ya ndugu na ndugu. Bwana wetu hasemi kwamba wafuasi wake hawatakoseana. Ajua ya kwamba watakoseana, na kwa hiyo awafundisha njia ya kupita. Kwanza, aliyekosewa amwendee mwenzake, wakae wawili peke yao. Asiposikilizwa, arudi pamoja na mtu mmoja au wawili. Hilo nalo likishindikana, ndipo jambo lifikishwe mbele ya kanisa.

Twataka leo kutafakari hatua ile ya katikati: yule mtu mmoja au wawili. Watu hawa huitwa kufanya nini? Wengi wetu, tukigombana, hatukosi watu wa kufuatana nao. Tatizo ni kwamba twachagua wale wanaotuunga mkono, wenye sauti kubwa na kumbukumbu ndefu ya makosa ya mwenzetu. Hao ni wapambe. Bwana anataka mashahidi wa yale yatakayosemwa na pande zote mbili, watu ambao hata yule tunayegombana naye anaweza kuwakaribisha kigoda na kuwasikiliza.

Hapa kwetu Ujiji magomvi yetu twayafahamu. Mwenye mtumbwi na wavuvi wake hawaelewani juu ya mgawo wa dagaa, kwa kuwa usiku ulikuwa mbaya na mafuta ya mashine yalikopwa. Ndugu wa baba mmoja wanagombea shamba la michikichi ambalo marehemu hakuacha neno juu yake. Mama wawili waliokuwa wakiazimana chumvi kwa miaka mingi hawasalimiani, kwa sababu ya maneno yaliyobebwa na mtu wa tatu. Ugomvi wa namna hii huanza kama ufa mdogo, nasi twaijua methali yetu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena ukuta huo hugawa watoto ambao hawakugombana na mtu.

Hekima ya kumweka mtu wa katikati haikuletwa kwetu jana. Kwa jirani zetu wa Burundi, tangu zamani wazee waitwao bashingantahe walikula kiapo cha kusema kweli na kutopendelea, wakakaa na wagombanao, wakisikiliza hadi mwisho kabla ya kutamka neno. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu wa Ujiji, nao wanafundishwa na Kurani, katika sura ya nne, kwamba mume na mke wakifarakana ateuliwe mtu mmoja kutoka jamaa ya mume na mmoja kutoka jamaa ya mke, ili watafute sulhu. Sheria ya nchi yetu imefuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaelekeza kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, shauri la talaka lisipelekwe mahakamani kabla ya kupitia baraza la usuluhishi la ndoa. Na tangu mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi, kazi ya baraza la kata ni kusuluhisha. Mamlaka ya kukata shauri yako kwenye baraza la wilaya.

Basi ikiwa njia ipo, kwa nini hatuifuati? Nadhani hatuna wa kumlaumu ila mioyo yetu. Twadhani kwamba kumkubali mpatanishi ni kukiri kushindwa. Hapo yafaa tutazame mfano mkubwa zaidi ya ugomvi wa nyumbani, mfano ambao sisi watu wa Kigoma tuliuona kwa macho.

Mwaka 1972 watu wa Burundi walikimbilia kwetu wakiokoa roho zao. Mnamo tarehe 21 Oktoba, 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla yake, aliuawa, na vita vikaanza. Yakadiriwa kwamba watu wapatao laki tatu walipoteza maisha katika miaka ile. Walionusurika walipanda milima na kuvuka mipaka, wengine wakashuka ziwani kwa mitumbwi, na mkoa wetu ukajaa makambi. Methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, sisi tuliiona ikitembea kwa miguu, ikiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani.

Ndipo Mwalimu Julius Nyerere, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu, alikubali kuwa mpatanishi. Mwezi Juni mwaka 1998 mazungumzo yalifunguliwa mjini Arusha. Kazi ile iligawanywa katika kamati, nasi twaona mafundisho yasiyopungua matatu ndani yake.

Fundisho la kwanza: kamati ya kwanza kabisa ilipewa kazi ya kuchunguza ugomvi wenyewe ni wa namna gani na chanzo chake ni nini. Hawakuanza kwa kugawana vyeo. Walianza kwa kukubaliana juu ya jina la ugonjwa. Mwishowe mapatano yaliandika kwamba ugomvi ule kimsingi ulikuwa wa kisiasa, wenye sura kubwa ya kikabila. Wapendwa, magomvi mangapi ya nyumbani hayaishi kwa sababu tunatibu ugonjwa usiokuwepo? Ndugu wanapigania mchikichi, kumbe kidonda ni kwamba mmoja hakuitwa baba alipokuwa mahututi. Mpatanishi mwema huuliza: kinachouma hasa ni nini? Kisha hungoja jibu, hata likichelewa.

Fundisho la pili: mpatanishi hana hukumu ya kutoa. Hakimu husema nani ameshinda, na kazi hiyo ni halali na ya lazima. Mpatanishi huwasaidia wenye ugomvi kulitafuta neno ambalo wao wenyewe wataweza kulishika atakapokuwa ameondoka. Kamati ya mambo ya amani na usalama iliongozwa na padre mmoja Mwitalia, Matteo Zuppi, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Padre huyo alikuwa miongoni mwa wapatanishi wa Msumbiji waliofanya kazi mjini Roma hadi mapatano yakatiwa sahihi tarehe 4 Oktoba, 1992. Hakuwa na jeshi wala fedha za kuwalazimisha watu. Na katika Arusha, Warundi wenyewe ndio waliokubaliana, kwa mfano, kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya wanajeshi, ili raia asiogope tena kumwona askari wa nchi yake. Neno kama hilo lingetoka kwa mgeni peke yake lisingedumu.

Fundisho la tatu ni gumu. Mwalimu Nyerere aliaga dunia tarehe 14 Oktoba, 1999, kazi ikiwa haijaisha. Mzee Nelson Mandela aliipokea, na tarehe 28 Agosti, 2000, mapatano yakatiwa sahihi. Lakini bunduki hazikunyamaza siku ile, kwa kuwa waliokuwa na silaha hasa hawakuwamo katika mapatano. Ilibidi kuwafuata wao nao: kundi kubwa zaidi lilipatana na serikali mwaka 2003, na la mwisho lilitia sahihi kusimamisha vita mjini Dar es Salaam mwaka 2006. Mtu aliyeachwa nje ya mlango anaweza kuichoma nyumba. Tukikutana kumaliza ugomvi wa ukoo, tuangalie ni nani hakualikwa: pengine yule mkorofi, pengine binti aliyeolewa mbali, pengine mjane ambaye twadhani hana neno.

Wala tusidanganyane kwamba upatanisho hufaulu kila mara. Mwaka 2015 ugomvi ulizuka tena nchini Burundi, na makumi ya maelfu ya watu wakafurika katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko wetu huu wa kaskazini. Kipindupindu kikawakuta pale. Meli yetu ya Liemba ikafanya kazi ya kuwaleta Kigoma, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Mzee Benjamin Mkapa aliteuliwa mwaka 2016 kuwezesha mazungumzo, akajitahidi sana. Lakini serikali ya huko ilikataa kuketi na baadhi ya wapinzani wake, na mapatano hayakupatikana. Mpatanishi aweza kuandaa mkeka, kuutandika na kuwaita watu kwa majina yao. Hawezi kukaa kwa niaba yao. Hata Bwana wetu katika Injili ya leo akiri kwamba yuko mtu asiyetaka kusikiliza.

Hapa, wapendwa, hatuna budi kutoa onyo. Neno hili zuri, usuluhishi, hutumiwa vibaya. Mtoto wa kike ameharibiwa, na wazee wanakutana usiku, wanataja mbuzi na fedha, halafu wanasema tumeyamaliza kifamilia. Mke anapigwa hadi kuumia, naye anaambiwa avumilie ili nyumba isiaibike. Huo ni kununua ukimya wa mnyonge, na Mungu hayumo ndani yake. Anayetendewa jinai apelekwe hospitali na polisi, alindwe, na sheria ichukue mkondo wake. Upatanisho wahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila hofu. Penye hofu, wa kwanza kusaidiwa ni yule anayeogopa. Toba na msamaha vina wakati wake, wala havifuti haki.

Basi, mpatanishi wa kweli ni mtu wa namna gani? Tumtazame Mtume Paulo akimwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa aliyetoroka. Paulo hamsifu mmoja kwa kumwangusha mwingine. Amwandikia Filemoni kwa heshima, kama ndugu. Amtetea Onesimo kama mwana. Kisha afanya jambo la ajabu: kama kuna hasara au deni, asema alipe yeye. Ndiyo gharama ya kukaa katikati. Kila upande utamshuku mpatanishi kwamba ameegemea kule. Atapoteza usiku wake, pengine na nauli yake, na hakuna atakayemshukuru. Lakini yupo aliyekaa katikati yetu na Baba kabla yetu, akilipa deni ambalo halikuwa lake, mikono yake ikinyoshwa pande zote mbili.

Wapendwa wasikilizaji, juma hili tunaloanza tulifanye jambo moja. Aliye na ugomvi, amwendee mwenzake wakae wawili, kabla hajausimulia ugomvi huo kwa mtu wa tatu. Akishindwa, amtafute mtu ambaye mwenzake naye anamheshimu, hata kama mtu huyo hasali nasi. Na wewe utakayeombwa kukaa katikati, usikatae kwa kuogopa lawama. Sikiliza upande wa kwanza, sikiliza upande wa pili, tunza siri za wote wawili, na usiharakishe. Wavuvi wetu hulala ziwani usiku kucha wakiwa na taa zao, wakingoja dagaa waukaribie mwanga. Hakuna anayewalazimisha samaki. Amani nayo huvuliwa hivyo, kwa mwanga na kwa kungoja.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetupatanisha nawe kwa njia ya Mwanao, utupe masikio ya kusikia hata neno linalotuuma. Wabariki wote wanaokaa katikati ya wagombanao, mabarazani, majumbani na katika mataifa. Uwarudishe makwao kwa amani wale waliokimbia, na ulilinde Ziwa Tanganyika na watu wa pande zake zote. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.