Nyasi Bandia Uani: Viraka, Maji na Joto



Nyasi bandia si kitu kipya. Huko Marekani zilitandikwa mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, baada ya nyasi halisi kufa chini ya paa lililozuiwa kupitisha jua. Hapa kwetu zilianza kuonekana kwenye hoteli na viwanja vya mpira, na sasa ziko kwenye baraza za gorofa na nyua za nyumba za kawaida. Wanaouza husema hazihitaji kazi yoyote. Hilo si kweli. Hazikatwi wala hazinywi maji, lakini ni plastiki, na plastiki ina adabu zake.

Adui wa kwanza ni moto. Majani ya nyasi hizi mara nyingi ni ya polithilini, ambayo huanza kuyeyuka joto likipita kidogo lile la maji yanayochemka. Kaa moja likidondoka kutoka kwenye jiko la nyama choma, papo hapo hubaki doa gumu jeusi ambalo hakuna sabuni ya kuliondoa. Jiko la makaa liwekwe kwenye sakafu ya saruji, mbali na nyasi. Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakitambui: vioo vya madirisha vinavyomeremeta kama kioo cha kujitazamia. Jua likivipiga, mwanga unaorudi hukusanyika mahali pamoja na kuyeyusha nyasi kwa mstari ulionyooka. Mwenye nyumba humlaumu fundi kumbe kosa ni la dirisha. Pazia la nje au mche uliopandwa mbele ya kioo humaliza jambo hilo.

Joto hilohilo ni hatari kwa watoto. Adhuhuri ya jua kali, uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na ngozi ya mtoto mchanga haihitaji sekunde nyingi kuungua kwa kiwango hicho. Mzazi abonyeze nyuma ya kiganja chake kwenye nyasi kwa sekunde tano; akishindwa kuvumilia, mtoto asitambae hapo. Kumwagia maji kunapoza, lakini kwa muda mfupi tu. Kivuli ndicho dawa.

Sasa kuziba. Palipoungua au palipochimbwa na mbwa hapahitaji zulia zima jipya. Fundi huondoa kwanza mchanga uliomwagwa katikati ya majani, huinua zulia, kisha hukata kwa upande wa chini akifuata mistari ya mshono, mpaka atoe kipande cha pembe nne. Tundu la duara ni gumu kuziba, na aliyekata kwa juu hukata na majani mazuri. Kiraka hupimwa kwa kile kipande kilichotolewa. Jambo linalowaponyoka mafundi wengi ni mwelekeo: majani yote hulala upande mmoja, na kiraka kilichogeuzwa huonekana kama cha rangi nyingine hata kikiwa kimetoka kwenye robota lilelile. Kabla ya gundi, kiraka kijaribiwe, na mtu asimame mbali kidogo akitazame.

Chini ya maungio hutandazwa utepe mpana wa kuungia, gundi ikapakwa juu yake, na kingo zikaletwa karibu. Nafasi ya kingo mbili iwe sawa na ile iliyo kati ya mistari ya mshono. Zikibanana sana hutokea tuta, zikiachana huonekana mstari. Majani yasinaswe kwenye gundi. Juu huwekwa ubao na matofali, pasikanyagwe kwa saa 24 au kama kopo la gundi linavyoelekeza. Kazi hii haifanywi sakafu ikiwa na unyevu. Kingo zinazoinuka pembeni hupigiwa misumari isiyoshika kutu, hasa Pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka. Na mabaki ya siku ya kwanza yatunzwe stoo: rangi ya robota la mwaka huu na la mwaka ujao hazilingani sana.

Lakini viraka vingi haviponi kwa sababu ugonjwa uko chini. Zulia limetandikwa juu ya saruji tambarare, au juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi unaofaa ni kokoto iliyoshindiliwa, yenye mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita 1. Kabla ya masika ya Machi mwenye nyumba amwage ndoo ya lita 20 katikati ya ua. Maji yakituama, mvua itafanya vibaya zaidi: harufu, mbu, na gundi inayobanduka. Palipobonyea panainuliwa zulia na kujazwa kokoto chini. Kurundika mchanga juu ni kuficha tu. Mteremko uelekee mtaroni. Ukielekea mlangoni kwa jirani, kesi itafika kwa chifu kabla ya mvua kukatika.

Usafi ni mwepesi. Ufagio mgumu mara moja kwa juma, ukienda kinyume na majani yanavyolala, huyasimamisha tena na kuzuia majani ya miti yasiozee humo. Kinyesi cha mbwa kiokotwe siku hiyohiyo, mkojo usuuzwe. Harufu ikibaki, siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa inatosha. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hupausha rangi, na ikichanganywa na siki hutoa hewa ya sumu. Viwili hivyo visikutane kamwe, wala uani wala chooni.

Mwishowe zulia huchakaa. Dalili ni majani yanayokatika na kubaki mkononi. Vipande hivyo husombwa na mvua hadi mtoni na baharini, kwa hiyo zulia la hali hiyo liondolewe, lisizibwe tena. Kulichoma uani ni kuwavutisha majirani moshi wa plastiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, na zulia kama hili huwekwa na taka zisizooza. Mchanga ukung'utwe kwanza, maana ndio unaolifanya lizito, kisha likatwe vipande, likunjwe na kufungwa kamba, ndipo akabidhiwe mzoaji mwenye leseni ya NEMA. Vipande vilivyo vizima bado vinafaa kutandikwa mlangoni kufutia matope.