Dawa ya Kupe Isiingie Kwenye Mzinga

 Wengi wenu mna ng'ombe na mbuzi, na wengine mmetundika mizinga. Swali ninaloulizwa ni hili: je, dawa ya kuogeshea mifugo inaweza kuua utitiri wa nyuki? Jibu langu ni moja: usiitie kwenye mzinga.

Utitiri huu unaitwa varoa. Ni mdogo, mwekundu wa kahawia, mpana kama milimita moja na nusu. Hung'ang'ania mwili wa nyuki na kuzaliana ndani ya majana yaliyofunikwa. Yeye na kupe ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana mtu hufikiria dawa ya kupe.

Lakini nyuki naye ni mdudu. Dawa za jamii ya sipamethrini humuua upesi. Amitrazi hutumika Ulaya na Marekani kwa varoa, ila katika vipande maalumu vinavyotoa dawa kidogo kidogo. Ile ya josho haikupimwa kwa ajili ya mzinga.

Hata dawa zilizotengenezwa kwa nyuki huwasumbua. Zile zenye harufu kali, joto likizidi, hufanya nyuki watoke na kurundikana mlangoni, majana hufa, na malkia anaweza kupotea. Nyuki wetu wa Afrika hawavumilii usumbufu: kundi zima huhama, unabaki na mzinga mtupu. Sumu nyingine huingia kwenye nta, kisha kwenye asali unayomlisha mtoto wako au kumuuzia mteja.

Habari njema ni kwamba nyuki wetu hujitetea. Hujisafisha, hutoa majana yenye utitiri, na hugawanyika mara kwa mara, jambo linalokatiza uzazi wa varoa. Varoa alionekana Kenya mwaka 2009. Utafiti uliotolewa mwaka 2014, uliopita maeneo 24 ya nchi hiyo, ulimkuta karibu kote isipokuwa kaskazini, lakini wingi wake haukuonekana kupunguza ukubwa wa makundi. Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 1997. Wafugaji wengi hawakutia dawa, na nyuki wao wapo hadi leo.

Kwa hiyo fanyeni haya:

1. Wekeni mzinga kivulini, karibu na maji safi na maua.
2. Pakeni grisi kwenye waya wa kutundikia, kuzuia siafu.
3. Mnapovuna, waachieni nyuki masega ya asali ya kula, wala msikate yenye majana.
4. Ondoeni masega makuukuu yaliyokuwa meusi.
5. Nyunyizieni mifugo dawa mbali na mizinga na mbali na maji wanayokunywa nyuki. Msimwage mabaki mtoni.

Mkiona nyuki wengi wenye mabawa yaliyokunjamana, au kundi linapungua, msikimbilie dawa. Mwiteni afisa nyuki aje atazame kwanza.