Zizi Lisilo na Paa



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za chui. Huenda wengine wakashangaa, lakini ninyi mkaao Elburgon, Njoro, Molo na kando ya msitu wa Eburru mwajua ya kuwa hii si hadithi ya watoto. Hata Nakuru mjini, mbuga ya ziwa letu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ina chui ndani yake, na nyumba za watu zimefika karibu na ua wake.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, upande wa Elburgon. Usiku chui alikuwa ameruka ua wa mabanzi, akaua kondoo wawili. Tulikwenda pamoja na wazee wa kanisa. Tukasoma Neno, tukaomba, tukanywa chai, tukaenda zetu. Zizi tuliliacha kama tulivyolikuta, halina paa. Usiku wa tatu chui akarudi, akamchukua kondoo mwenye mimba, ambaye mama yule alimtegemea kwa karo ya mtoto wake.

Tuliporudi kumpa pole, hakutulaumu. Alisema tu, "Mchungaji, siku ile mlikuja wanaume saba."

Ndugu zangu, neno lile lilituchoma. Sisi tuitwao wachungaji tulimwomba Mungu alinde zizi ambalo mikono yetu wenyewe ingeweza kulifunika kabla jua halijatua. Someni 1 Samweli 17. Daudi alipomweleza Sauli habari za simba na dubu, alieleza alivyofuatia mwenyewe na kumnyang'anya mnyama kondoo wa baba yake. Hakuwaombea kwa mbali.

Vijana wa jirani nao walikuwa na mashauri yao. Mmoja alitaka kutia mzoga sumu. Wengine walitaka kumsaka chui kwa mbwa na mapanga. Wazee wakawazuia, nao walifanya vema. Sumu haichagui: huua mbwa wa jirani, na tai, na fisi, hata mtu yumo hatarini. Tena chui kwa kawaida humkwepa binadamu. Lakini akijeruhiwa, au akizingirwa asione njia ya kutokea, ndipo anaporarua watu.

Basi Jumamosi iliyofuata tulirudi na nyundo na misumari. Tukaliezeka zizi kwa mabanzi na waya wa wavu, kwa maana chui ni hodari wa kupanda, na ua usio na paa kwake ni kama ngazi. Tukaukaza mlango, tukafyeka kichaka alimojificha. Tangu siku ile zizi lile halijaguswa.

Wazazi, msiwatume watoto mtoni wala dukani giza linapoingia. Ikibidi kwenda, nendeni wengi, mkiwa na tochi. Ukikutana na chui, usikimbie, maana mwenye kukimbia hufukuzwa kama mawindo. Simama wima, inua mikono au koti lako uonekane mkubwa, paza sauti, kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, ukimwachia njia ya kuondoka. Mtoto akiwapo, mshike karibu nawe. Ukiona watoto wa chui, usiwasogelee. Mama yao hayuko mbali.

Akiua mifugo, mwarifuni chifu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, upesi, wala msiutupe mzoga kabla haujaonwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia kwa aliyeuawa au kujeruhiwa, na kwa mifugo pia. Jambo hili si geni kwa msomaji wa Biblia: katika Kutoka 22, mtu aliyewekewa mnyama, naye akararuliwa, aliagizwa kuleta mabaki yawe ushahidi.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anamfananisha adui yetu na simba anayewinda. Hatuagizi tukimbie, wala hatuagizi tulale. Atuagiza kukesha na kusimama imara, tukikumbuka ya kuwa ndugu zetu nao wamo katika taabu ile ile.

Je, jirani yako ni nani ambaye zizi lake halina paa? Labda ni mjane, labda ni mzee aliyeachwa peke yake shambani. Umemwombea, na umefanya vizuri. Basi leo, kabla ya jioni, mwendee tena, nawe uchukue nyundo.

Na tuombe. Ee Mungu, Mchungaji usiyelala, utusamehe sala tulizosema huku mikono yetu imekunjwa. Uwalinde watoto njiani na mifugo zizini, nasi utufanye walinzi wa jirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.