Mnyama Halindwi Bila Chakula Chake: Somo kutoka kwa Dubu wa Yellowstone



Nimechagua kuzungumzia mnyama asiyepatikana Afrika. Dubu wa mwisho wa bara letu waliishi katika milima ya Atlas, nao walitoweka katika karne ya 19. Hata hivyo, mlo wa dubu wa kahawia wa Yellowstone, nchini Marekani, umechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60, na yaliyoonekana humo yanatuhusu sisi tunaoishi jirani na nyumbu na tembo. Hoja yangu ni moja: anayetaka kumhifadhi mnyama sharti ahifadhi chakula chake popote kilipo, hata kikiwa nje ya hifadhi.

Majalala

Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, ya kwanza duniani. Kwa miongo mingi mabaki ya chakula cha hoteli yalitupwa katika majalala ya wazi. Dubu walikusanyika hapo kula, na kwa muda mrefu watalii walienda kuwatazama. Mwaka 1959 ndugu pacha, Frank na John Craighead, walianza kuwachunguza dubu hao, na baadaye wakawafunga kola za redio ili kujua wanakokwenda. Uongozi wa hifadhi ulipoamua kuyafunga majalala, pacha hao walishauri yafungwe polepole. Yalifungwa kwa haraka, na la mwisho likafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kuyafunga kulikuwa sahihi, kwa maana taka si chakula cha mnyamapori. Lakini mwenye njaa hana miiko. Dubu walioyazoea majalala waliingia kambini na vijijini, na wengi waliuawa. Mwaka 1975 dubu hao waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini. Makadirio ya wakati huo yalikuwa dubu wapatao 136 tu katika eneo zima.

Shahamu na uzazi

Ili tuelewe uzito wa chakula kwa dubu, tuutazame mwaka wake. Wakati wa baridi hulala pangoni kwa takriban miezi mitano bila kula, kunywa wala kukojoa. Jike hupandwa kati ya Mei na Julai, lakini kiinitete hakijishikizi kwenye mji wa mimba mpaka karibu na Novemba. Kama jike hana shahamu ya kutosha, mimba haiendelei. Akiwa nayo, huzaa humo humo pangoni mnamo Januari au Februari, na kunyonyesha kwa shahamu aliyoiweka. Kwa hiyo watoto wa mwaka ujao huamuliwa na chakula cha miezi michache kabla ya theluji.

Watafiti wameorodhesha aina 266 za viumbe vinavyoliwa na dubu wa Yellowstone, kuanzia majani na kuvu hadi nyati wa Marekani. Katika orodha hiyo ndefu, vyakula vinne ndivyo vilivyobeba uzito mkubwa.

Cha kwanza ni mbegu za msonobari wa gome jeupe, mti wa milima ya juu. Kindi huziweka akiba ardhini, na dubu huja kuyafukua maghala hayo. Mbegu zikipatikana kwa wingi, dubu hubaki mlimani, mbali na watu. Zikikosekana, hushuka, na migogoro huongezeka. Katika miaka ya 2000 majira ya baridi yalipopungua ukali, mbawakawa wanaotoboa magome waliongezeka na kuangamiza misitu mizima ya msonobari huo, huku ugonjwa wa kuvu ulioletwa kutoka Ulaya ukiidhoofisha miti iliyobaki. Mwaka 2007 serikali iliwaondoa dubu kwenye orodha ya ulinzi. Mwaka 2009 mahakama iliwarudisha, na moja ya sababu ilikuwa kwamba serikali haikupima ipasavyo athari za kufa kwa misonobari. Mahakama ya rufaa iliiunga mkono hoja hiyo mwaka 2011.

Cha pili ni samaki wa asili aina ya trauti, ambao hupanda vijito vinavyoingia Ziwa Yellowstone kutaga mayai. Mwaka 1994 iligunduliwa ziwani aina nyingine ya trauti, iliyoletwa na binadamu, inayowala wale wa asili. Trauti huyo mgeni hutagia kwenye maji ya kina ambako dubu hafiki. Katika kijito kimoja, samaki waliopanda walishuka kutoka zaidi ya 70,000 mwaka 1978 hadi chini ya 1,000 mwaka 2007.

Cha tatu ni nondo. Viwavi wao ni sota, wanaokata miche mashambani katika nyanda za mashariki mwa Yellowstone. Nondo hao huruka mamia ya kilomita hadi kwenye vilele vya milima kufyonza maua usiku, na mchana hujificha chini ya mawe. Ni wenye mafuta mengi, na dubu mmoja aweza kula hadi 40,000 kwa siku. Shahamu ya dubu, basi, huanzia katika shamba la mkulima asiyewahi kumwona.

Cha nne ni nyama ya elki, aina ya kulungu mkubwa, na ya nyati.

Misonobari na trauti walipopungua, dubu hawakufa njaa. Waligeukia vyakula vingine, nyama ikiwemo, na leo idadi yao inakadiriwa kufikia takriban 1,000. Upana wa mlo uliwaokoa. Lakini nyama huwapeleka kwenye mizoga iliyoachwa na wawindaji na kwenye ng'ombe wa wafugaji, na dubu wakubwa wengi hufa kwa mkono wa binadamu. Kwa hiyo mapipa ya taka yasiyofunguka kwa dubu, na uondoaji wa mizoga malishoni, ni kazi ya uhifadhi sawa na doria.

Kwetu

Hapa Tanzania nako chakula cha mnyama huwa nje ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970. Mvua zinaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka humo kwenda nyanda za Simanjiro, ambako nyasi fupi zina fosforasi nyingi inayohitajiwa na majike wanaonyonyesha. Nyanda hizo ni ardhi ya vijiji. Katika kijiji cha Terrat, kampuni za utalii zilikubaliana na wanakijiji kuwalipa ili malisho yasilimwe, huku mifugo ikiendelea kulishwa. Hapo mfugaji hulipwa kwa sababu ardhi yake inamlisha nyumbu. Huo ndio uhifadhi ninaouamini.

Naomba kila mpango wa usimamizi wa wanyamapori utakaoandikwa nchini uwe na kalenda ya chakula: mnyama anakula nini, mwezi gani, kwenye ardhi ya nani, na mwenye ardhi hiyo ananufaika vipi. Wanafunzi wangu, takwimu za kalenda hizo ni kazi yenu. Wapangaji wa matumizi ya ardhi, zisomeni kabla hamjachora ushoroba au kugawa shamba. Tukimlinda mnyama dhidi ya risasi na kuacha malisho yake yalimwe, tutakuwa tumeahirisha tu kifo chake.