Mtoto Anayesikiliza Mlango



Nyumbani kwetu Kibosho, baba alikuwa akirudi usiku kutoka kilabuni, nasi watoto tunasikiliza chini ya blanketi. Akija anaimba, tunalala. Akija kimya, dada mkubwa anatutoa kwa mlango wa jikoni, tunajibanza migombani mpaka tusikie anakoroma. Pombe yetu ya mbege siilaumu, kwetu ni kinywaji cha heshima, cha mahari na matambiko. Nasema habari za mtoto wa miaka minane anayejifunza kupima nyayo za baba yake. Leo nina miaka 54, na mlango ukifunguliwa usiku bado nashtuka.

Kule walau tulikuwa na migomba, na shangazi aliyetupokea bila maswali. Hapa Columbus mtoto yuko ghorofa ya tatu, nje theluji. Baba au mama ametoka zamu ya usiku, chupa imo ndani, jirani hamjui. Na kwa kuwa Kiingereza cha mtoto ndicho kilichonyooka, yeye ndiye anayepiga simu kazini kusema mzazi ana mafua. Tumemfanya mkalimani wa uongo wetu. Darasani anasinzia, anaitwa mvivu. Mwingine anapata A kila somo, tunampigia makofi ukumbini humu, kumbe anasoma hivyo akiamini kwamba akifaulu sana, baba ataacha. Huyo ndiye anayeniuma zaidi.

Tunawaambia mambo ya ndani hayatoki nje. Tunaogopa aibu, tunaogopa watoto kuchukuliwa, tunaogopea makaratasi yetu. Hofu hiyo naijua, ninayo pia. Lakini mzigo wake anaubeba mdogo kuliko wote.

Akron ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Huko, mwaka 1935, daktari mmoja na dalali mmoja wa hisa, walevi wote wawili, walianzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Al-Anon, ya wake na ndugu wa walevi, ikaja 1951. Vijana walipata Alateen yao 1957: miaka 22 baada ya wazazi. Humo huambiwa jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: ulevi huu hukuusababisha, huwezi kuutawala, wala si kazi yako kuuponya.

Kwa hiyo ninaomba mawili. Kwenye sherehe yetu ya Uhuru, Desemba 9, mtoto yeyote asitumwe bia. Mwenye kiu ainuke mwenyewe. Na wewe Mwenyekiti wa jumuiya yetu, naomba ufunguo wa kile chumba cha nyuma kila Jumamosi saa kumi jioni. Nitakuwepo, chai itakuwepo. Watoto wetu waje wakae, wenye la kusema waseme kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyetaka kusema anywe chai yake tu.