Uzi wa Kiuno
Msikilizaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo nasema nawe kijana wa miaka 20 na kitu.

Asubuhi, mahamri kwa mbaazi. Mchana, viazi karai na soda. Jioni, bodaboda hadi mlangoni. Kitambi kikianza, watu hukusifu: "Mashallah, mambo yamekunyookea!" Sifa hiyo mimi siipendi.

Mafuta ya tumboni huingia hadi kwenye ini. Insulini, inayotoa sukari kwenye damu na kuipeleka mwilini, huanza kushindwa. Kongosho, linaloitengeneza, hulazimika kutoa zaidi na zaidi. Ukinenepa una miaka 25, ukifika 60 kongosho limebeba mzigo huo miaka 35. Likichoka, kisukari kinaingia. Mara nyingi presha iko nyuma yake. Kilo za ujanani hudaiwa uzeeni.

Basi chukua uzi. Jipime nao urefu, utosini hadi kisiginoni, uukate hapo. Ukunje katikati, ubaki nusu. Sasa uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuona!

Ncha zikikutana, vyema. Zisipokutana, nenda kituo cha afya kilicho karibu, upimwe sukari na presha, hata kama huumwi popote. Soda iwe maji. Viazi karai viwe vya siku moja moja. Na bodaboda ikushushe mbali kidogo, umalizie kwa miguu.

Mama mjamzito, kipimo cha uzi si chako. Wewe uliza kliniki.