Mwenye Kituo Akifariki, Serikali Iarifiwe



Leo tuzungumze juu ya vituo vya kulelea watoto mchana. Ukienda kupalilia alizeti, mtoto unamwacha pale. Je, mwenye kituo akifariki, watoto wamo mikononi mwa nani?

Wengi husema, "Mwanawe ataendelea tu." Jamani, kibali si ng'ombe wa kurithi! Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo hakiendeshwi bila kibali cha Serikali. Aliyeomba kibali akapewa ni marehemu. Huyu mpya amepimwa na nani? Siku mtoto akiungua na uji, nani atajibu?

Basi tufanye hivi. Kwanza, kifo kiandikishwe katika siku 30. Anzieni kwa Mtendaji wa Kijiji, awaelekeze. Pili, msingoje arobaini. Familia imwandikie barua Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kwa sisi wa Iramba, ofisi iko Kiomboi. Waandike jina la marehemu, tarehe aliyofariki, namba ya kibali, idadi ya watoto, na nani anawaangalia sasa. Tatu, nakala ya barua ibaki nyumbani. Nne, wazazi tuulize: barua imekwenda? Afisa amesemaje?

Wafiwa wana majonzi, kalamu haishikiki. Wewe uliyehitimu kisomo, usiishie kutoa pole. Keti nao, waandikie hiyo barua, kisha wasomee waisikie. Kusoma na kuandika ndiyo kazi yake hiyo.